Kutoka Fungu hadi Ghuba: shajara ya mpiga mbizi wa Pasiansi

Jumatano, Pasiansi

Umeme umekatika saa moja jioni, betri za kamera zikiwa kwenye chaji. Nimezipeleka kwa kinyozi wa jirani mwenye jenereta, akazipanga mezani kati ya mashine zake na kuniambia nizifuate akifunga. Amefunga saa nne usiku. Betri zimejaa, ila zimejaa na nywele pia. Nimezifuta kwa brashi ya lenzi, kisha nikaifua brashi.

Safari ni ya Unguja. Shule imefungwa mpaka Januari, na mafunzo ya kupiga mbizi nimeyalipia kidogo kidogo tangu katikati ya mwaka. Nafundisha baiolojia sekondari. Samaki wangu wote huwa nawachora ubaoni kwa chaki, na wanafunzi wananakili samaki weupe wasio na rangi. Mwisho wa mafunzo tutashuka kwenye meli iliyozama, Great Northern, na nimeomba kwenda na kamera. Wenye mafunzo wamejibu kwamba mwanafunzi hashiki kamera mpaka aweze kuelea mahali pamoja bila kugusa kitu. Nimelipenda jibu hilo.

Miwani mpya ya maji inatakiwa isuguliwe kwa dawa ya meno upande wa ndani, ili utando wa kiwandani utoke, la sivyo itashika ukungu muda wote. Nimesugua mpaka utando umetoka na dawa imeisha. Duka lilikuwa limeshafungwa. Nyumba nzima tumepiga mswaki kwa chumvi.

Alhamisi, Pasiansi

Bibi mwenye nyumba amenikuta barazani nafunga begi. Nimempa shikamoo, ameitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye mapezi ya kuvaa miguuni. Akauliza yanakwenda wapi. Nikamweleza habari ya Unguja na meli iliyozama.

Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, meli iliyozama si kitu cha kwenda kukitazama."

Hapa Mwanza huwezi kutaja meli iliyozama mbele ya mtu wa rika lake bila kumrudisha tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba ilikuwa imetoka Bukoba kupitia Kemondo, ikapinduka asubuhi ikiwa imeshakaribia Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800. Wapiga mbizi waliletwa mpaka kutoka Afrika Kusini kutafuta miili, na makaburi ya wengi yako Igoma, hapa hapa mjini. Mdogo wake bibi alikuwemo. Hunikumbusha hilo kila ninapokwenda majini, hata ninapovuka kwa kivuko cha Kamanga, na huwa namsikiliza mpaka amalize.

Nikamwambia kule siendi na sitakwenda kamwe. Ndivyo ninavyoamini: MV Bukoba ni kaburi, na wenye wafu wao bado tunaishi nao nyumba moja. Mtu anayejifunza kuelea hana shughuli pale, na mwenye kamera ndiyo kabisa. Great Northern iligonga mwamba mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1902. Zaidi ya karne nzima imekuwa nyumba ya samaki, na ninakwenda kwa ajili ya hao.

"Basi kawaone samaki," akasema. "Watu waache walale."

Jioni zipu ya begi imekatika. Fundi viatu wa kituoni ameishona vizuri, na alipomaliza tukaona kwamba mkanda wa pezi moja umeshonwa pamoja na begi. Amefumua, ameshona upya, na amekataa malipo ya mara ya pili.

Jumamosi, Dar es Salaam

Basi lilipasuka tairi tulipopita Shinyanga. Begi langu lilikuwa chini ya viroba vya dagaa vya mfanyabiashara mmoja, na dagaa walikuwa hawajakauka vizuri. Tumefika usiku, boti ya mwisho ya Unguja imeshaondoka. Nimelala nyumba ya wageni karibu na bandari. Mhudumu ameomba begi likae nje ya chumba, kwa sababu ya paka.

Jumatatu, Unguja

Somo la leo lilikuwa kuvua miwani chini ya maji, kuivaa tena, na kuyatoa maji kwa kupuliza pua. Miwani yangu iliendelea kuvuja kila nilipoivaa. Mwalimu wetu, mtu wa Nungwi mwenye sauti ya chini sana, alinipandisha, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mpira na kukuta rasta mbili zimebanwa penye kipaji cha uso. Baharia akanipa kipande cha khanga nikafunga nywele nyuma. Miwani ikashika. Khanga nayo ikachuja rangi, shingo yangu ikawa nyekundu mpaka jioni, na kila aliyepanda boti aliniuliza kama nimeumia.

Masikio husawazishwa kila unaposhuka kidogo: unabana pua, unapuliza polepole mpaka yafunguke. La kushoto lilikawia. Mwalimu alinirudisha juu kidogo, tukangoja, likafunguka. Hakuna kulazimisha, kwani ngoma ya sikio ikichanika safari imeishia hapo.

Nilishuka na chupa tupu ya maji ya kunywa, imefungwa vizuri. Nilitaka kuona kwa macho yangu jambo ninalolifundisha: ukifika mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na hewa inabaki nusu ya ujazo wake. Ndivyo ilivyokuwa. Chupa ilianza kubonyea shingoni, halafu mbavuni, mpaka kuta zake zikagusana. Nilikuwa nainyooshea kamera ya mkononi ya mwenzangu ipigwe picha pale iliponiponyoka. Ilipanda kwa kasi ikivimba njia nzima, ikagonga boti kwa chini, na nahodha akainama ubavuni kuangalia nani anabisha. Picha haikupatikana. Wanafunzi nitawasimulia kwa mdomo, na somo hili safari hii nitalisimulia kama mtu aliyeliona.

Jumatano, Unguja

Maji ni ya bamvua. Tulipofika ufukweni, boti ilikuwa imekaa mchangani na bahari iko mbali. Tumesubiri kujaa. Tulipoelea, zamu yetu ilikuwa imepita.

Alhamisi, Unguja

Tumeshuka Great Northern.

Nahodha alizima mashine mbele ya mwamba wa Fungu, Mji Mkongwe wote ukionekana nyuma yetu. Mwalimu alitueleza kabla hatujavaa mitungi. Meli hii ya Kiingereza iliundwa mwaka 1870, na kazi yake ilikuwa kutandaza nyaya za telegrafu chini ya bahari. Waya wa Aden ulipitishwa Unguja mwaka 1879, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Kabla ya hapo barua ya kwenda Ulaya ilisubiri meli, na tangu hapo bei ya karafuu ikawa inajulikana London siku ile ile. Jengo la zamani la kampuni ya nyaya bado lipo Shangani, siku hizi ni hoteli. Mimi nimelipita mara nyingi wiki hii bila kujua kwamba na hii meli ni ukoo mmoja.

Kisha akatupa masharti. Hakuna kugusa chuma wala matumbawe. Hakuna kuokota kitu, hata msumari. Hakuna kuingia mahali usipoona pa kutokea. Kipimo cha hewa kikifika 50, kutoka 200 tulizoanza nazo, unamwonyesha ngumi, na wote tunapanda.

Inalala mita 12 hivi. Nilipokuwa nashuka kwa kamba ya nanga niliona kwanza kivuli, halafu kivuli kikawa na mistari, mistari ikawa mataruma ya meli. Mbao zimekwisha. Kilichobaki ni mifupa ya chuma na mabamba yaliyolala ovyo, na juu ya kila kipande kuna kitu kinachoishi. Ningependa mtu anayedhani chuma kilichozama ni takataka apelekwe pale na kuachwa dakika chache.

Nilinyanyua kamera. Kasha lake lilikuwa limefungwa boti ikiwa juani, na hewa yenye unyevu ikafungiwa ndani. Tulipofika kwenye maji yaliyopoa zaidi, unyevu ule ukatua kwenye kioo, hasa mbele ya lenzi. Picha zote za mara hii ya kwanza zina duara la ukungu katikati, na pembeni kabisa, kwa usafi mkubwa, kuna mapezi ya wenzangu.

Kwa kuwa kamera haikufaa, nilitazama. Chini ya bamba moja lililoinama kulikuwa na mkunga. Kichwa tu kilitokeza, kinene, cha rangi ya kahawia yenye vidoa, na mdomo ulikuwa ukifunguka na kufungika bila kukoma. Mabaharia walishaniambia mkunga anatisha watu kwa mdomo huo. Anapumua tu: maji yanaingia kinywani na kutokea kwenye matamvua, basi. Nilielea mbele yake nikipumua kwa kelele kubwa kuliko yeye, na hakurudi ndani. Karibu naye palikuwa na wale samaki wenye miiba mirefu ya sumu iliyotanda pande zote. Wanakwenda polepole, kwa sababu hawana wa kumkimbia. Na kwenye kona moja mwalimu alinionyesha jani. Lilikuwa jani la njano lililochakaa, likiyumba na mkondo. Nilitikisa kichwa kumwambia sioni kitu. Akanyoosha tena kidole pale pale. Jani likazungusha jicho la pembeni, likameza kidagaa kilichokuwa kikipita, likaendelea kuyumba.

Juu, tulipopumzika, dada mmoja mwenyeji anayeongoza wapiga mbizi wa kikundi kingine aliliona kasha langu. Akatoa pedi ya hedhi kwenye mfuko wake, akaikata kwa mkasi vipande vyembamba, akavibandika ndani ya kasha kwenye kuta, kisha akanifungia kasha chini ya kivuli. "Hivi vinakunywa unyevu wote, dada," akasema. Nahodha aligeuka kutazama upande wa fungu la Pange mpaka kazi ikaisha.

Kuteremka mara ya pili, kioo kilikuwa kikavu kabisa. Nilimpata taa mwenye madoa ya buluu amejilaza mchangani kando ya mataruma, macho tu na ukingo wa mabawa vikionekana. Nilishuka taratibu, nikapumua nje ili nitulie, nikaweka kidole. Mwenzangu mmoja akageuka juu yangu na mapezi yake yakapiga mchanga. Nina picha safi ya wingu, na mkia wa taa ukitokea upande wa kulia.

Pono sikumpata pichani, lakini nilimsikia. Anakwangua matumbawe kwa meno, na sauti ya kukwangua inasafiri majini mpaka unadhani iko ndani ya kofia yako. Anachokwangua anakisaga, na kinachotoka nyuma ni mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe tunaoukalia ufukweni imepita tumboni mwa samaki wa aina hii.

Tukapanda pamoja, tukasimama kwenye mita 5 kwa dakika 3, kila mmoja ameshika kamba. Mimi hewa yangu ndiyo iliyofika 50 mbele ya ya wengine, jambo ambalo mwalimu anasema ni la kila anayeanza: moyo ukienda mbio mapafu yanaufuata.

Ijumaa, Unguja

Nimezitazama picha kwenye kompyuta ya mwenye nyumba ya wageni. Zote ni za buluu. Mkunga ni buluu, jani la njano ni kijivu, chuma chenye kutu ni buluu iliyokolea. Hili nalo nilikuwa nalijua kitabuni. Maji safi ya bahari hula mwanga mwekundu kwanza, na ukishavuka mita chache hakuna chekundu kilichobaki cha kurudi kwenye lenzi. Dawa yake ni flashi, uende na mwanga wako mwenyewe mpaka karibu na samaki. Yangu iliwaka kwenye picha moja tu. Katika picha hiyo bamba la meli limefunikwa na sponji nyekundu, nyekundu kweli kweli, na nilikuwa nimelipita nikiliona jeusi.

Kompyuta ilizima yenyewe picha zikiwa zinahamishwa. Zilizopona zinatosha.

Jumamosi, Unguja

Leo hakuna maji. Baada ya kupiga mbizi siku kadhaa, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inahitaji muda kutoka, na kanuni ni kukaa angalau saa 18 kabla ya kuruka kwa ndege. Mimi narudi kwa basi, lakini basi nalo linapanda mpaka nyanda za Singida, na Mwanza penyewe ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwalimu ameniambia nikae siku nzima. Nimekaa. Nimefua suti, na upepo umeipeleka kwenye paa la jirani. Jirani amesafiri mpaka jioni.

Jumatatu, Pasiansi

Nimefika salama. Begi linanuka dagaa na bahari.

Watoto wa jirani wamekuja kuona picha, na baadhi yao ni wanafunzi wangu. Bibi naye amevuta kiti. Amemtazama mkunga kwa muda mrefu, akauliza analiwa au haliwi. Picha ya sponji nyekundu ndiyo iliyopendwa. Halafu binti mmoja wa kidato cha pili akauliza, bila nia mbaya yoyote, "Mwalimu, sasa wa kwetu wako wapi?"

Nikamjibu kwamba wako hapo mbele, dakika chache kwa bodaboda. Akasema, "Sangara na sato hawana rangi."

Nilitaka kumtolea maelezo yote pale pale, umeme ukakatika.

Jumanne, Pasiansi

Maelezo ambayo sikuyatoa nayaandika hapa, kwa sababu swali la yule binti limenikalia usiku kucha.

Ziwa letu lina furu. Wanasayansi wanahesabu aina zaidi ya 500, wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Furu madume wana rangi za kushangaza: wekundu, njano, buluu, wenye milia. Tangu mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walikuwa wanawachunguza hapa hapa kwenye Ghuba ya Mwanza, na waliona kwa macho yao miaka ya 1980 jinsi sangara, samaki wa kupandikizwa, alivyozidi na furu wakapotea aina baada ya aina. Waliokaa kwenye miamba walinusurika zaidi, kwa sababu sangara hapendi kuhangaika kwenye mapango ya mawe. Mmoja wa hao wa miambani alipewa mwaka 1985 jina la kisayansi la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, mwaka ule ule alioachia urais. Dume lake ni jekundu mgongoni. Ndugu yake wa karibu, ambaye dume lake ni la buluu, anaitwa pundamilia. Wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani wanamfuga nyererei kwenye matangi ya vioo sebuleni mwao, wanajua anakula nini na anataga lini. Mtoto wa Pasiansi hajawahi kumwona.

Kutwa nimetafuta sehemu ya kuchapisha picha za rangi. Mashine ya kwanza haikuwa na wino mwekundu, ya pili haikuwa na karatasi, na ya tatu imechapisha mkunga vizuri lakini kichwa chini mkia juu, na mwenye mashine anasema ndivyo samaki huyo alivyo.

Jumatano, Mwaloni Kirumba

Nimekwenda sokoni alfajiri kutafuta furu. Nimempata mama mmoja anauza kwenye sado. Ni wadogo, urefu wa kidole, wote rangi ya jivu. Wanapokufa rangi inatoka upesi. Mama ananiambia wavuvi wanawachukua kama chambo cha sangara, na wengine wanawanunua kwa ajili ya uji wa watoto, wakishasagwa.

Nimenunua sado nzima na kupiga picha kwenye jiwe. Ndege kaloli amechukua waliokuwa mbele kabla sijaweka kipimo cha urefu pembeni. Waliobaki nimempelekea bibi, akawakaanga.

Mzee mmoja mwenye mtumbwi amekubali kunipeleka kesho kutwa kwenye mawe ya ndani ya ghuba. Nimemwambia siingii majini. Mita 12 za bahari hazinipi ruhusa ya kuzama ziwani bila mwalimu, na huku kuna kichocho na mamba. Konokono wenye kichocho wanapenda kandokando penye majani, na watafiti wa magonjwa wa NIMR hapa Mwanza wamekuwa wakituelimisha hilo miaka mingi. Kitakachoshuka ni kamera.

Ijumaa, ghubani

Kamera niliifunga kwenye ufito mrefu wa mwanzi kwa mpira wa tairi la baiskeli. Nilikuwa na kifaa kingine pia: mfuniko wa ndoo ya rangi, mweupe, umefungwa kamba yenye alama kila sentimita 10, na jiwe chini yake. Unaushusha ukiutazama, na pale unapopotea machoni unasoma kamba. Hiyo ndiyo njia ya zamani na ya kuaminika ya kupima uangavu wa maji, na wanasayansi wanatumia sahani ya namna hiyo hiyo.

Karibu na mwalo mfuniko umepotea kabla kamba haijafika nusu mita. Mvua za juzi zimeleta udongo wote wa vilimani, na Mto Mirongo unaleta mengine ambayo mji umeyatupa. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, tulipozidi kwenda ndani yakawa kijani. Kwenye mawe mfuniko umefika karibu mita moja.

Nilishusha ufito. Mzee akashika mtumbwi usizunguke, kwa kasia na kwa mguu mmoja uliokanyaga jiwe. Tulikaa muda mrefu. Mnandi alikuja akapiga mbizi karibu nasi, akaibuka na samaki. Nilipopandisha kamera tukaona kwamba mpira umelegea na kamera imegeuka ikaangalia juu. Kwa muda wote ule ilikuwa imepiga chini ya mtumbwi wetu. Mzee alizitazama picha kwa makini kuliko nilivyotegemea. Alikuwa hajawahi kuuona mtumbwi wake upande huo, na amegundua ubao mmoja umeanza kuoza. Amenishukuru.

Tukafunga upya, kwa kamba ya nailoni ya nyavu, fundo lake yeye. Mara hii picha zilitoka za njano na kijani. Nilizipenda kwa sababu ya somo lililomo ndani yake. Baharini rangi inayokufa kwanza ni nyekundu. Humu, kwenye maji yenye udongo na mwani, inayokufa kwanza ni buluu, na nyekundu ndiyo inayofika chini. Ndiyo sababu madume ya buluu hukaa sehemu ya juu ya mawe na mekundu hukaa chini zaidi, kila mmoja pale rangi yake inapoonekana. Jike humchagua dume kwa rangi. Watafiti Seehausen, van Alphen na Witte walichapisha mwaka 1997 jambo ambalo kila mkazi wa ufuko huu alitakiwa kulijua: chini ya taa inayofuta tofauti ya rangi, majike waliacha kubagua, wakaitikia dume lolote. Na ziwani, kwenye visiwa vya maji maangavu kama Makobe, wekundu na wa buluu ni aina mbili mbali mbali. Kwenye kisiwa cha Luanso, ndani kabisa ya ghuba penye maji machafu, wamechanganyika na kubaki kundi moja la rangi za katikati. Hakuna aliyewavua wala kuwala. Maji yalifumba tu, na walioumbwa kwa kuonana wakashindwa kuonana.

Nilimweleza mzee hayo wakati tunarudi. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo tope linaua bila nyavu." Nikamwambia ndiyo, mzee wangu. Akasema zamani akiwa kijana walikuwa wanaona mawe haya wakiwa juu ya mtumbwi.

Mvua ilitukuta kabla ya mwalo. Kamera ilikuwa kwenye kasha lake, salama. Daftari la vipimo halikuwa na kasha. Nimeandika upya ninavyovikumbuka, na mzee anakumbuka vilevile.

Jumamosi, Pasiansi

Katika picha zote za jana kuna moja yenye samaki kamili. Amekaa mbele ya ufa wa jiwe, ubavu wote uko wazi. Ana milia myeusi ya wima, na juu ya pezi la mgongoni pana mng'ao wa buluu unaoishia kwenye wekundu karibu na mkia. Punje za mwani zimetapakaa mbele yake. Hajatoka vizuri, lakini ana rangi, na ametoka kwenye ghuba yetu. Nitampeleka kwa watafiti wa uvuvi wa TAFIRI wanitajie jina lake la haki.

Yule binti wa kidato cha pili ameikuza picha kwenye simu mpaka samaki akawa viboksi, akairudisha, akaikuza tena. Ameuliza huyu ni wa buluu au ni mwekundu. Nikamwambia hilo ndilo swali, na tutalijibu kwa kupima maji. Amesema wenzake wa klabu ya mazingira watataka kuja.

Nimekwenda dukani kununua kamba na mifuniko mingine. Mifuniko myeupe haikuwepo. Muuzaji amenipa ya ndoo za bluu na rangi nyeupe ya mafuta nipake mwenyewe. Nimepaka mitano na kuianika ukutani. Kuku wa bibi wamepita juu ya miwili ikiwa mibichi. Hiyo nitaipaka tena kesho, kisha nitaandika ratiba: Jumamosi moja mdomo wa Mirongo, inayofuata mwaloni Kirumba, inayofuata kwenye mawe, mzee akiwa na nafasi. Amesema ubao uliooza ataubadilisha kwanza.